Mdomo umefunguka, je, taya linakua? Kumfuatilia mtoto baada ya upasuaji wa kiungo cha taya

Swali: Daktari, pole na kazi. Mwanangu wa kiume ana miaka sita na nusu. Alipokuwa na miaka mitatu alianguka akapiga kidevu, na baada ya hapo mdomo ukaanza kujifunga kidogo kidogo hadi kijiko kikawa hakipiti. Miezi minane iliyopita alifanyiwa upasuaji wa kiungo cha taya upande wa kushoto. Mfupa uliokuwa umeganda uliondolewa, akawekewa kipande cha ubavu. Sasa anakula na anaongea vizuri. Hata hivyo tumeambiwa tumrudishe kliniki mara kwa mara mpaka atakapomaliza kukua. Kuna haja gani ya mahudhurio yote hayo ikiwa mdomo unafunguka? Pia naona kidevu kinaenda kushoto anapofungua mdomo. Je, ndiyo kusema taya halikui? Na picha za eksirei kila mara hazitamdhuru?

Jibu: Mama, pole kwa yote mliyopitia, na hongera kwa kumfikisha mtoto mahali ambapo anakula na kuongea bila shida. Nianze na swali lako la kwanza, kwa kuwa mengine yanalitegemea. Kufunguka kwa mdomo ni jambo moja na kukua kwa taya ni jambo jingine, na mtoto anaweza kuwa na la kwanza kwa ukamilifu huku la pili likienda kombo kimyakimya, bila maumivu, bila homa, na bila yeye mwenyewe kulalamika. Upasuaji ulimrudishia mwanao mwendo wa kiungo. Ukuaji wa miaka kumi na zaidi uliobaki mbele yake haukuweza kumalizwa siku ile kwenye meza ya upasuaji, na huo ndio unaofuatiliwa katika mahudhurio mnayoyaona kuwa mengi.

Juu kabisa ya taya la chini, mbele kidogo ya sikio, kuna kichwa cha mfupa kinachoingia katika kishimo kilicho chini ya fuvu, kimoja kila upande. Kwa mtoto, kichwa hicho kimefunikwa na tabaka la gegedu, yaani tishu ngumu kiasi inayopindika kama ile ya sikio, linalozalisha mfupa mpya, na kwa njia hiyo sehemu ya taya inayosimama kutoka pembeni mwa shavu hadi kwenye kiungo hurefuka na kulisogeza taya zima chini na mbele. Mtoto anapoanguka na kupiga kidevu, nguvu ya pigo hupanda hadi kwenye vichwa hivyo viwili. Kimoja kikivunjika ndani ya kiungo, damu huvilia humo, na kwa kuwa mifupa ya watoto huunga haraka, damu hiyo inaweza kugeuka kovu na hatimaye mfupa unaoshikanisha taya na fuvu. Hapo mtoto hupoteza vitu viwili kwa mpigo mmoja, yaani mwendo wa kiungo na chanzo cha ukuaji wa upande ule. Wazazi huona upesi mdomo unaojifunga, kwa sababu mtoto hashibi. Upande mmoja wa taya kubaki nyuma huku wa pili ukiendelea kukua ni jambo linalohitaji jicho lililozoea, hasa uso ukiwa bado wa duara wa kitoto.

Wataalamu walibishana kwa miaka mingi juu ya nani hasa anayeamuru ukuaji huu. Melvin Moss, kuanzia miaka ya 1960, alitetea hoja kwamba mifupa ya uso hukua kwa kuitikia kazi ya misuli na tishu zinazoizunguka, na kwamba gegedu la kichwa cha taya hufuata tu; wengine walishikilia kwamba gegedu lenyewe ndilo linaloamuru. Kwa maoni yangu, yale tunayoyaona kliniki yanaonyesha kwamba pande zote mbili za ubishi huo zilikuwa na sehemu ya ukweli: gegedu lina mchango wake, na taya linalotumika kwa kutafuna, kuongea na kufunguka kikamilifu hukua vizuri zaidi kuliko taya lililofungwa. Ndiyo maana mazoezi ya kufungua mdomo ambayo bila shaka mlifundishwa yana faida inayozidi kuzuia kiungo kisigande tena.

Sasa tuje kwenye ubavu. Ubavu huchaguliwa kwa sababu mahali unapokaribia kifua cha mbele, mfupa na gegedu huungana, na mwungano huo unafanana kiasi na kichwa cha taya kilichoondolewa. Wazo si geni, kwani daktari wa upasuaji Harold Gillies alieleza matumizi ya kipande cha ubavu katika kujenga upya kiungo cha taya tangu mwaka 1920. Ugumu ni kwamba gegedu la ubavu halikuumbwa kwa ajili ya taya, na likishahamishiwa pale huendelea kwa mwendo wake lenyewe. Kwa mtoto mmoja kipandikizi hukua sambamba na upande mzima, na miaka ikapita bila mtu kukumbuka kwamba kulikuwa na upasuaji. Kwa mwingine hukua kidogo mno, au husagika taratibu na kunyonywa na mwili. Kwa mwingine tena hukua kupita kiasi. Madaktari wa upasuaji huacha tabaka jembamba tu la gegedu, la milimita chache, kwa kuwa tabaka nene limehusishwa na ukuaji uliozidi. Tahadhari hiyo hupunguza hatari lakini haiiondoi. Hakuna daktari, hata awe hodari namna gani, anayeweza kukitazama kipande cha ubavu siku ya upasuaji na kusema kitakua kiasi gani ndani ya miaka kumi. Kwa hiyo anayekuambia umrudishe mtoto mpaka amalize kukua hakuambii hivyo kwa sababu upasuaji ulifanywa vibaya. Anakuambia hivyo kwa sababu jibu halijulikani mpaka muda wenyewe upite.

Kipandikizi kikikua kidogo kuliko inavyotakiwa, kidevu cha mwanao kitasogea polepole kuelekea kushoto, upande uliofanyiwa upasuaji. Taya la juu la upande huo nalo hukosa nafasi ya kushuka, hivyo mstari wa meno huinuka upande wa kushoto na kushuka upande wa kulia. Kuna jambo linalowachanganya watu wengi hapa, nami nimeona hata wahudumu wa afya wakichanganyikiwa nalo: shavu la upande wenye taya fupi huonekana limejaa na la duara, kwa sababu nyama ile ile imefunika mfupa mfupi, ilhali upande mzima huonekana bapa na mrefu. Mtu asiyejua akiulizwa upande upi una tatizo hunyoosha kidole kwenye upande usio na tatizo.

Kipandikizi kikizidi kukua, mambo hugeuka. Kidevu husogea kulia, mstari wa katikati wa meno ya chini huupita ule wa meno ya juu kuelekea kulia, meno ya chini huanza kutangulia ya juu, na wakati mwingine magego ya kushoto huacha mwanya mtoto anapouma. Nakuomba uizingatie hatua ya kati ya safari hii. Mtoto ambaye kidevu chake kilikuwa kimeegemea kushoto kabla ya upasuaji hupitia kipindi ambapo kidevu kinakaa katikati kabisa, na familia hufurahi, na wana haki ya kufurahi. Baadhi ya familia huacha kuja kliniki katika kipindi hicho hicho. Kumbe kidevu kilicho katikati leo kinaweza kuwa kimefika, na kinaweza kuwa kinapita njia tu, na picha ya siku moja haiwezi kutenganisha mambo hayo mawili. Ukuaji uliozidi unaweza kuchelewa kujitokeza kwa miaka, na balehe ni kipindi ambacho hutazamwa kwa makini zaidi.

Nikija kwenye swali lako la pili, kuhusu kidevu kuelekea kushoto anapofungua mdomo, nadhani utapumua kidogo. Kiungo cha taya hufanya kazi mbili mdomo unapofunguka: kwanza kichwa cha taya huzunguka mahali pake, halafu huteleza kwenda mbele. Mtelezo huo ni kazi ya msuli mdogo ulioshikamana na kichwa cha taya, na mfupa ulioganda unapoondolewa msuli huo hupoteza mshiko wake. Kipandikizi basi huzunguka lakini hakitelezi vya kutosha, wakati upande wa kulia unateleza kama kawaida, na matokeo yake kidevu husukumwa kushoto. Mchepuko huu unaweza kudumu kwa miaka mingi kwa mtoto ambaye taya lake linakua vizuri kabisa, na peke yake hausemi lolote kuhusu ukuaji.

Kinachosema kuhusu ukuaji ni mahali kidevu kinapokaa meno yakiwa yameumana. Mkalishe mtoto kwenye kiti, mwombe aume meno ya nyuma kwa utulivu na alegeze midomo, kisha simama nyuma yake na umtazame kutoka juu, ukifuata mstari wa paji la uso, pua, na kidevu. Kutoka hapo mchepuko mdogo huonekana wazi zaidi kuliko ukimtazama usoni, kwa sababu macho na tabasamu lake havikuvutii. Hakikisha tu kwamba hatelezeshi taya pembeni wakati wa kuuma, maana wakati mwingine jino moja lililokaa vibaya hulazimisha taya zima liende upande ili meno mengine yagusane. Daktari wa mpangilio wa meno hutofautisha hilo kwa kuliongoza taya kwa mkono mpaka meno yanapogusana kwa mara ya kwanza. Jambo la kukufanya uwahi kliniki ni pale mchepuko wa kufungua unapoongezeka pamoja na mdomo kupungua kufunguka, kwa sababu hiyo huweza kuwa dalili kwamba kiungo cha kushoto kinaanza kukaza upya.

Kipimo cha kufunguka mdomo huonekana chepesi kuliko vyote, rula tu kati ya ncha za meno ya mbele ya juu na ya chini. Leonard Kaban na wenzake nchini Marekani walichapisha mwaka 1990 utaratibu wa kutibu kiungo cha taya kilichoganda ambao vituo vingi bado vinaufuata kwa marekebisho, na humo milimita 35 zilichukuliwa kuwa shabaha ya ufunguaji. Namba hiyo inafaa kukumbukwa, lakini kwa mtoto wa umri wa mwanao ina mtego. Huu ndio umri ambao meno ya maziwa ya mbele hung'oka, kwa kawaida ya chini yakitangulia. Tuseme leo rula inasoma milimita 34, na wiki ijayo jino la chini la mbele linang'oka. Anayepima atalazimika kushika ufizi badala ya ncha ya jino, na namba itaruka juu kwa milimita kadhaa ilhali kiungo hakijabadilika hata kidogo. Miezi ikipita jino la ukubwani linachomoza na kurefuka, na namba inashuka tena, na mzazi anapatwa na hofu ya bure. Hatari kubwa zaidi iko kinyume chake, pale ambapo kiungo kinakaza kweli na pengo la jino linaficha upungufu huo. Kwa hiyo mwombe anayempima mtoto aandike kwenye kadi jino gani lilitumika, na jino hilo likikaribia kung'oka apime kwa meno mawili tofauti siku hiyo hiyo ili mfululizo wa namba usikatike.

Pamoja na rula, daktari huhisi jinsi mwendo unavyoishia. Akisukuma taya kwa upole mtoto anapofika mwisho wa kufungua, mwisho laini unaovutika kidogo huonyesha misuli au kovu linaloweza kunyooshwa kwa mazoezi. Mwisho mgumu unaosimama ghafla humfanya aagize picha. Hupima pia mtoto anavyosogeza taya kulia, kushoto na mbele. Humwomba akunje paji la uso na kufumba macho kwa nguvu, kwa sababu mshipa wa fahamu wa uso hupita karibu sana na mahali kisu kilipopita.

Kupima ukuaji kwenyewe hufanywa kwa njia nyingi ndogondogo, na nyingi hazihitaji mashine. Mtoto hupewa kijiti bapa cha mbao, kile cha kukandamizia ulimi, akiume kwa mlalo kati ya meno ya pande zote mbili, halafu daktari hulinganisha kijiti hicho na mstari wa mboni za macho. Kijiti kikiinamia upande mmoja, ndivyo mstari wa meno ulivyoinama, na tofauti hiyo huweza kupimwa na kuandikwa. Meno huchukuliwa alama na kutengenezewa mfano wa plasta, au huskaniwa, ili kuonyesha jinsi ya juu na ya chini yanavyokutana. Picha za kawaida za uso hupigwa kutoka mbele, kutoka pande zote mbili, kutoka chini ya kidevu, na wakati wa kutabasamu, kwa umbali ule ule na mkao ule ule wa kichwa. Picha hizi hudharauliwa kwa sababu ni rahisi, nami nazithamini sana: mfululizo wa picha zilizopigwa kwa nidhamu humwonyesha daktari mpya, kwa dakika chache, jambo ambalo maelezo ya ukurasa mzima hayalifikishi.

Hapa nieleze kwa nini mahudhurio ya kupima ukuaji hupangwa kwa miezi na wala si kwa wiki. Katika miaka ya utoto, ile sehemu ya taya inayosimama huongezeka takriban milimita 1 hadi 2 kwa mwaka, na urefu wa taya kwenda mbele takriban milimita 2 hadi 3 kwa mwaka. Kosa la kawaida la kupima, hata kwa mkono mzoefu, linaweza kufika milimita 1. Ukipima ukuaji kila mwezi, unachokipata zaidi ni makosa ya upimaji. Ukipima kwa vipindi virefu zaidi kwa njia moja isiyobadilika, tofauti halisi huanza kujitenga na makosa hayo. Ni kama kadi ya uzito ya kliniki ya watoto, ambapo nukta moja haimwambii muuguzi mengi lakini mstari unaounganisha nukta humwambia mtoto anakwenda wapi. Katika mwaka wa kwanza, hata hivyo, ambapo hofu kubwa ni kiungo kuganda tena, mtoto huonwa kwa karibu kwa ajili ya kufunguka kwa mdomo, kila baada ya wiki chache mwanzoni na kisha kila baada ya miezi miwili au mitatu. Baada ya hapo, kiungo kikiwa kimetulia, mara mbili kwa mwaka hutosha kwa watoto wengi, na anapoingia balehe vipindi hufupishwa tena. Daktari wako anaweza kuwa na mpango tofauti kidogo, na kama ana sababu zake mfuate yeye, maana amekiona kiungo cha mwanao kwa macho yake.

Kuhusu eksirei, hofu yako ni ya mzazi makini, na jibu linategemea ni picha ipi. Picha moja ya mzunguko inayoonyesha mataya na meno yote kwa pamoja hutoa miale inayolingana na ile ambayo kila mtu huipata kutoka katika mazingira kwa siku chache tu. Picha za kichwa za kutoka mbele na ubavuni, zinazopigwa kichwa kikiwa kimeshikiliwa na kifaa maalumu, nazo ni za kiwango cha chini. Skani ya CT ya kichwa, yaani eksirei nyingi zinazounganishwa na kompyuta, ni habari nyingine, kwani miale yake inaweza kulingana na ile ya mazingira ya miezi mingi, na watoto huathirika na miale kwa urahisi kuliko watu wazima. Kwa hiyo CT haipaswi kuwa kipimo cha kila mwaka kwa mtoto anayeendelea vizuri. Hufaa kunapokuwa na swali maalumu, kwa mfano dalili za kuganda upya, ukuaji unaozidi, au upasuaji mwingine unaopangwa. Na pale inapopatikana CT ya meno na mataya yenye miale midogo, mara nyingi hiyo hutosha. Kwa mtoto asiye na dalili yoyote, picha za kawaida mara moja kwa mwaka, au kwa nafasi ndefu kuliko hiyo, ni mpango wa busara. Unayo haki ya kuuliza kila picha inapoagizwa, kwa heshima na bila woga: picha hii itabadilisha uamuzi gani? Daktari mzuri hatachukizwa na swali hilo.

Picha hizi zina udhaifu wake. Ile ya mzunguko hukuza na kupotosha, na mtoto akigeuza kichwa kidogo tu upande mmoja wa taya utaonekana mrefu kuliko wa pili hata kama ni sawasawa. Tofauti ndogo inayoonekana kwenye picha hiyo peke yake isikukoseshe usingizi. Zaidi ya hayo, taya halikui kwa kurefuka tu. Arne Björk wa Denmark alipoweka vipini vidogo vya metali katika mataya ya watoto na kuripoti kazi hiyo mwaka 1955, alionyesha kwamba taya huzunguka linapokua, huku mfupa ukiongezwa mahali pamoja na kunyonywa mahali pengine, kiasi kwamba umbo la nje huficha mengi yanayotokea ndani. Ndiyo maana picha za miaka tofauti hulinganishwa kwa kupandanishwa juu ya alama zisizobadilika sana, kazi ambayo haiwezekani ikiwa kila mwaka mtoto amepigwa picha kwa mashine tofauti na mkao tofauti. Ikiwezekana, tumieni kituo kimoja.

Nyumbani, kazi yenu kubwa ni mazoezi. Hata kama mtoto anafungua mdomo vizuri, usiyaache kwa uamuzi wako. Kwa kawaida huendelea kwa mwaka mzima au zaidi, na kovu linaweza kuendelea kujikunja kwa muda mrefu baada ya kidonda cha nje kupona. Nakushauri pia upime mdomo wake mara moja kwa wiki, siku ile ile na muda ule ule, uandike namba kwenye daftari. Namba ya wiki moja ikishuka milimita moja, pima tena kesho. Ikishuka wiki mbili au tatu mfululizo, mpeleke bila kungoja tarehe ya kliniki, kwa sababu kiungo kinachoanza kukaza huwa rahisi kushughulikiwa mapema. Ufanye vivyo hivyo akianza kupata maumivu mbele ya sikio, uvimbe, au ugumu mpya wa kutafuna.

Msikilize pia anapolala. Taya la chini lililobaki nyuma hurudisha ulimi nyuma na kupunguza njia ya hewa, na mtoto mwenye hali hiyo hukoroma kwa nguvu, hulala kichwa kikiwa kimeinuliwa au kimetupwa nyuma, hutoka jasho, au husitisha pumzi kwa sekunde kadhaa kisha hushtuka. Wazazi wengi hawalitaji jambo hili kliniki kwa kuwa wanadhani kukoroma hakuhusiani na taya. Linahusiana, tena ni miongoni mwa sababu chache zinazoweza kufanya upasuaji wa kurefusha taya usisubiri mtoto akue. Mrekodi kwa simu akiwa usingizini na umwonyeshe daktari.

Ufuatiliaji huu una maana kwa sababu kuna la kufanya kila hatua. Ikionekana mapema kwamba upande wa kushoto unabaki nyuma, daktari wa mpangilio wa meno anaweza kutengeneza kifaa cha kuvaa kinywani kinachozuia meno ya upande mmoja yasigusane, ili meno ya juu na mfupa wake yapate nafasi ya kushuka, na kifaa hicho hupunguzwa kidogo kidogo kadiri yanavyoshuka. Tiba hii hutegemea ukuaji wenyewe, kwa hiyo mtoto wa miaka saba hufaidika nayo kuliko kijana wa miaka kumi na saba. Upungufu ukiwa mkubwa, upo upasuaji wa kukata mfupa na kuuvuta taratibu kwa chombo maalumu, kwa kawaida milimita 1 kwa siku, mfupa mpya ukijijenga katikati. Njia hii iliripotiwa kwa taya la chini la watoto na Joseph McCarthy na wenzake mwaka 1992. Kipandikizi kikizidi kukua, daktari anaweza kukipunguza, au kusubiri ukuaji uishe ndipo alisawazishe taya lote kwa mara moja, kutegemea jinsi mtoto anavyokula, anavyopumua na anavyojisikia mbele ya wenzake. Usilipuuze hilo la mwisho. Mtoto wa miaka minane anaanza kusikia yanayosemwa kuhusu uso wake, na mwanao akikueleza kwamba hapendi kupigwa picha, mwambie daktari jambo hilo kama vile unavyomwambia kuhusu maumivu.

Kuhusu lini mahudhurio haya yataisha, taya la chini ni mfupa wa uso unaochelewa kumaliza kukua, na wavulana huchelewa kuliko wasichana. Kwa wasichana wengi ukuaji hutulia katikati ya ujana wao, na kwa wavulana huweza kuendelea hadi miaka 18 au kuipita kidogo. Umri kwenye cheti hautoshi kuwa ushahidi. Picha mbili za kichwa zilizopigwa kwa kuachana miezi sita hadi kumi na mbili, zikipandanishwa zisionyeshe badiliko, ndizo zinazompa daktari ujasiri wa kusema kwamba ukuaji umekwisha na kwamba upasuaji wowote wa kusawazisha, kama unahitajika, hautaharibiwa na ukuaji mwingine.

Safari hiyo ni ndefu, na katika miaka kumi madaktari huhama, mafaili hupotea, na familia huhamia miji mingine. Katika mahudhurio yajayo omba nakala ya vitu vitatu: maelezo ya upasuaji, yakitaja unene wa gegedu lililoachwa kwenye kipande cha ubavu, picha ya kwanza iliyopigwa baada ya upasuaji, na namba za kufunguka kwa mdomo tangu siku ile, pamoja na meno yaliyotumika kupima. Vihifadhi nyumbani, na kila mnapokwenda kwa daktari mpya mpeni avione kabla hajampima mtoto.